Anayeruka Chini Huona Nini? Mjadala Kuhusu A-10 na Su-25

Mada iliyo mbele yetu ni hii: "Ndege ya kivita iliyoundwa iruke chini na polepole ili imsaidie askari wa miguu bado ina nafasi vitani."

Ndege mbili ndizo tutakazozipima. Ya kwanza ni A-10 ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 10 Mei 1972. Ya pili ni Su-25 ya Kisovieti, iliyoruka tarehe 22 Februari 1975, na ambayo wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaujua mlio wake. Wasemaji ni wanne, nao si watu halisi. Kila mmoja nimempa hoja ninazoziona zina uzito, na hakuna niliyempa maneno dhaifu ili mwenzake ashinde kirahisi. Mhandisi anaunga mkono mada, Mchambuzi anaipinga. Afande, askari wa miguu mstaafu, na Mama, mkazi wa Goma, watachangia kutoka ukumbini. Mwenyekiti ni mimi, na uamuzi wangu nimeuweka mwishoni.

MWENYEKITI: Mhandisi, wewe ndiye mtoa hoja. Anza na tatizo lililoizaa ndege hii; sifa zitafuata.

MHANDISI: Asante, Mheshimiwa Mwenyekiti. Tatizo lilikuwa Vietnam. Jeshi la Anga la Marekani lilikwenda kule na jeti kama F-100 na F-4, zilizobuniwa kwa ajili ya kasi. Askari aliyezingirwa msituni akiita msaada, jeti ilifika upesi, ikapita juu yake kwa sekunde chache, na rubani hakupata wasaa wa kutenganisha mstari wa rafiki na wa adui. Mizunguko miwili mitatu, mafuta yanapungua, anaondoka. Ndege waliyoipenda askari ilikuwa A-1 Skyraider, chombo cha pangaboi kilichobuniwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ilikwenda polepole, ilibeba silaha nyingi na ilikaa juu ya uwanja wa vita kwa saa kadhaa. Udhaifu wake ni kwamba bunduki za ardhini ziliiumiza sana. Ndipo ukaanzishwa mpango wa A-X, na mwaka 1973 kampuni ya Fairchild Republic ikaishinda Northrop. Wabunifu walitakiwa kujibu swali moja: rubani afanyeje akae muda mrefu penye risasi, na bado arudi nyumbani?

Kila kiungo cha A-10 kinalijibu swali hilo. Mabawa yamenyooka, mita 17.5 kutoka ncha hadi ncha, hivyo inakata kona mahali padogo na kuruka kutoka kiwanja kifupi. Kasi yake ya juu ni kama kilomita 700 kwa saa, chini ya ndege ya abiria inayokupeleka Dubai. Injini mbili zimewekwa juu, nyuma ya mabawa, ambako hazimezi mawe na vumbi kirahisi. Mikia miwili iliyosimama inafunika sehemu ya joto la injini hizo lisionwe na kombora linalofuata joto. Magurudumu yakikunjwa hubaki yametokeza nusu, ili ndege ikilazimika kutua kwa tumbo isisagike. Matangi ya mafuta hujiziba yakitobolewa. Mifumo ya haidroliki ni miwili, na yote ikifa kuna njia ya tatu, ya kebo zinazovutwa kwa nguvu za rubani. Rubani mwenyewe ameketi ndani ya beseni la titaniamu lenye uzito wa takriban kilo 540 na unene wa kati ya milimita 13 na 38.

MWENYEKITI: Hujautaja mzinga, nao ndio unaosifiwa kuliko vyote.

MHANDISI: Ndege ilibuniwa kuuzunguka mzinga wa GAU-8. Una mitutu 7 ya milimita 30 inayozunguka, na unafyatua risasi 3,900 kwa dakika. Pamoja na ngoma yake ikiwa imejaa, una uzito wa takriban kilo 1,800. Hifadhi yake ni risasi 1,174. Ukibana bila kuachia zinakwisha kwa sekunde 18 hivi, ndiyo maana marubani hufyatua kwa sekunde moja au mbili tu. Umesogezwa kidogo kando ili mtutu unaofyatua uwe katikati kabisa ya ndege, na kwa sababu hiyo gurudumu la pua nalo limesogezwa kulia. Mafundi wanapoung'oa huegemeza mkia kwanza, la sivyo pua ikishakuwa nyepesi ndege hukaa kitako. Kutoka umbali wa mita 1,220, risasi 80 kati ya kila 100 huangukia ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 12 hivi. Kama adui yuko ng'ambo ya barabara na wewe uko nyuma ya ukuta, usahihi huo ni uhai. Bomu kubwa lingewaua nyote.

MWENYEKITI: Mchambuzi, jibu.

MCHAMBUZI: Mheshimiwa Mwenyekiti, mtoa hoja ametueleza ilivyojengwa. Mimi nataka tuitazame ilivyopigana. Katika Vita vya Ghuba mwaka 1991, Jeshi la Anga la Marekani linaihesabia A-10 vifaru zaidi ya 900 vya Irak. Hesabu hiyo ndiyo imeijengea jina. Lakini silaha gani ilifanya kazi kubwa? Asilimia 90 ya makombora ya Maverick yaliyorushwa katika vita vile yalirushwa na A-10. Maverick hubebwa pia na ndege nyingine, wala haihitaji ndege iliyozungushiwa mzinga. Mzinga wenyewe, kwa umbali wa mita 1,000, hupenya chuma cha milimita 38. Kwa mita 500, milimita 69. Uso wa kifaru cha kisasa ni mnene kuliko hivyo mara nyingi. Kwa hiyo rubani akizunguke kifaru ubavuni au nyuma, na asogee karibu zaidi. Huko karibu ndiko yaliko makombora ya kutungulia ndege.

Tarehe 15 Februari 1991, A-10 mbili zilitunguliwa siku moja zikiwashambulia Walinzi wa Jamhuri, vikosi bora vya Saddam Hussein. Jenerali Charles Horner, aliyeongoza vita vya anga, akaziondoa A-10 kwenye shabaha hizo. Nawaomba wajumbe walizingatie hilo. Ndege iliyojengwa kwa ajili ya vifaru vya Kisovieti Ulaya ilikutana na jeshi lenye silaha za Kisovieti, na kamanda wake mwenyewe akairudisha nyuma.

MHANDISI: Mwenzangu amehesabu zilizoanguka, ahesabu na zilizorudi. Tarehe 7 Aprili 2003, Kapteni Kim Campbell alikuwa juu ya Baghdad akiwasaidia askari walioshambuliwa. Ndege yake ikapigwa mkiani, haidroliki zote zikafa, ikaanza kujiviringisha kuelekea ardhini. Akahamia kwenye zile kebo nilizozitaja, akaiendesha kwa misuli ya mikono kwa takriban saa moja hadi kambini Kuwait, akatua salama. Katika jeti nyingi za kivita angelazimika kuruka kwa mwavuli juu ya mji aliokuwa akiushambulia.

Wasovieti nao walifikia jibu kama hilo, maana walikuwa na urithi wao. Il-2 ya Vita vya Pili vya Dunia, iliyoundwa zaidi ya 36,000, ilikuwa na bamba la kinga lililokuwa sehemu ya mwili wa ndege. Su-25 ikamweka rubani ndani ya kisanduku cha titaniamu, ikampa mzinga wa mitutu 2 na injini zinazoweza kuvumilia hata dizeli mafuta ya ndege yakikosekana. Mwaka 1986 mujahidina wa Afghanistan walipoanza kupata makombora ya begani ya Stinger, ulionekana udhaifu: injini zimekaribiana, moja ikipigwa moto unahamia ya pili. Wahandisi wakatia bamba la chuma katikati yake na mfumo wa kuzima moto. Ndege hizi zimekuwa zikijifunza kutokana na majeraha yake.

MCHAMBUZI: Na kombora nalo limekuwa likijifunza. Alexander Rutskoi, ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais wa Urusi, alitunguliwa mara mbili Afghanistan akiwa ndani ya Su-25, mwaka 1986 na mwaka 1988. Alipona, na kisanduku kile nakipa heshima yake. Lakini bei ya kombora la begani ni chembe tu ya bei ya ndege, na mtu mmoja hulibeba mgongoni.

Tazameni Ukraine tangu 2022. Pande zote mbili zina Su-25. Rubani anaruka chini karibu aguse vilele vya miti ili rada isimwone. Akikaribia, ananyanyua pua, anarusha roketi ziende mbali kwa upinde, kisha anageuka na kukimbia. Anapiga mahali asipopaona. Sababu nzima ya kuruka chini na polepole ilikuwa kuona. Anga la makombora limemnyang'anya hicho alichokifuata, likamwachia hatari peke yake.

MWENYEKITI: Hoja hiyo ni nzito, na ningependa aliyekuwa chini aijibu. Afande?

AFANDE: Ahsante, Mwenyekiti. Wenzangu wanatazama kutoka juu, mimi natazama kutoka kwenye handaki. Wa umri wangu wanaikumbuka vita ya Kagera. Machi 1979, Libya ikimsaidia Idi Amin wa Uganda, ndege ya Tu-22 ilitumwa kulipua maghala ya mafuta ya Mwanza. Hiyo ni ndege inayopita kasi ya sauti. Mzigo wake ukaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane na kuua swala. Kasi ilimfikisha rubani Mwanza, lakini haikumwonyesha Mwanza.

Halafu mwaka 2013, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilipeleka vijana wao katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopambana na waasi wa M23 mashariki ya Kongo. Walisaidiwa na helikopta za Mi-24, na Novemba mwaka huo Rooivalk za Afrika Kusini zikaingia vitani kwa mara ya kwanza. Askari anayepanda kilima akipigwa kutoka juu haulizi chombo kina bamba la milimita ngapi. Anataka sauti redioni inayomuuliza: uko wapi, umewasha moshi wa rangi gani, adui yuko mita ngapi kutoka kwako? Na anataka mwenye sauti hiyo abaki pale. A-10 inaweza kwenda kilomita 460 kutoka kambini kisha ikakaa juu ya wapiganaji karibu saa 2. Kwangu mimi, saa 2 hizo ndizo silaha yake kubwa.

MCHAMBUZI: Afande, kwa heshima zote, muda huo nao haukuwaokoa wote. Tarehe 29 Januari 1991, karibu na Khafji, kombora la A-10 lilipiga deraya la wanamaji wa Marekani na kuwaua watu 7. Tarehe 26 Februari, A-10 zikapiga maderaya mawili ya Uingereza. Askari 9 wakafa. Tarehe 28 Machi 2003, kusini mwa Irak, A-10 zikashambulia msafara wa Waingereza na kumuua askari mmoja. Marubani waliyaona mabango ya rangi ya machungwa juu ya magari yale, mabango yaliyowekwa makusudi ili ndege za rafiki ziyatambue. Wakaambiana kwamba ni roketi za rangi ya machungwa. Waliruka chini, polepole, wakatazama kwa macho yao, na bado wakaua wenzao.

AFANDE: Mwanangu, sikatai hata neno moja katika hayo. Lakini aliye juu sana naye ni vilevile. Tarehe 9 Juni 2014, mkoa wa Zabul, Afghanistan, askari waliomba msaada wakaletewa B-1, ndege kubwa ya mabomu. Askari walivaa taa za infraredi kofiani ili wajulikane kuwa ni rafiki. Kamera ya B-1 haikuwa na uwezo wa kuziona taa hizo, na wahusika hawakulijua hilo. Wamarekani 5 na askari mmoja wa Afghanistan wakafa. Ukiniuliza nichague kati ya rubani anayeweza kukosea akiwa karibu na rubani ambaye kamera yake haiwezi kuniona kabisa, nitamchagua wa kwanza.

MCHAMBUZI: Basi chukua na Kunduz. Tarehe 3 Oktoba 2015, AC-130, ndege ya Marekani yenye mizinga, ilizunguka polepole juu ya hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka, wafanyakazi wake wakiwa na vifaa vya kutazama usiku na muda wa kutosha. Iliifyatulia hospitali. Watu 42 walikufa. Jengo waliliona vizuri kabisa. Hawakujua ni jengo gani.

MWENYEKITI: Hapo tumefika kwenye kiini. Kuona na kutambua vimeachana. Mama, umekuwa ukinyanyua mkono.

MAMA: Ndiyo, Mwenyekiti. Nimewasikiliza kwa makini. Mhandisi amesema walianza kwa kuuliza askari anahitaji nini. Ni swali zuri. Lakini katika mchoro huo nimemwona rubani, askari na kifaru. Mimi sijajiona.

Goma uwanja wa ndege uko ndani ya mji. Uzio unapoishia nyumba zinaanza. Mwaka 2002 volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, lava ilifunika sehemu ya njia ya kurukia, na watu tukajenga tena palepale. Novemba 2022, Su-25 ya jeshi letu ilitua kwa muda mfupi Rubavu, Rwanda, ng'ambo ya mpaka, na serikali yetu ikasema imeingia kwa makosa, haikuwa na silaha. Tarehe 24 Januari 2023, nyingine ilirushiwa kombora ilipokuwa inakuja kutua. Video zilienea: kombora linapasuka karibu yake, moto unaonekana, ndege inafika chini, watu wanauzima. Rwanda ilisema ndege ilivuka mpaka. Kongo ikasema ilikuwa ndani ya anga yake. Mhandisi atasema muundo imara ulimrudisha rubani, na huenda ni kweli. Mimi nauliza lile kombora lingeikosa ndege, lingeanguka kwa nani?

Na vita vya kwetu si vya vifaru jangwani. Mpiganaji anapita njia ileile tunayopita kwenda shambani. Anavaa kama kijana yeyote. Ukiwa juu, mzigo wa muhogo na mzigo wa silaha vinaweza kufanana. Kuna jambo lingine nataka mnijibu. Vita vikiisha, kinabaki nini ardhini?

MCHAMBUZI: Nimjibu Mama hilo la mwisho. Risasi ya A-10 ya kutobolea chuma ina kiini cha urani iliyofifishwa, yaani mabaki mazito yanayosalia baada ya urani kurutubishwa kwa ajili ya nyuklia. Mwaka 1999 NATO ilifyatua takriban risasi 31,000 za aina hiyo Kosovo. Wataalamu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, walikwenda kupima. Hawakukuta uchafuzi ulioenea kote, lakini walipendekeza tahadhari, mabaki yaliyoonekana yaokotwe na maeneo yawekewe alama. Wanaoishi hapo ndio wanaobaki na kazi ya kuijua ardhi yao upya.

Na kuhusu Su-25 mikononi mwa serikali isiyoulizwa maswali, yuko shahidi mwingine: Bouaké, Ivory Coast. Tarehe 6 Novemba 2004, Su-25 mbili za serikali zilipiga kambi ya Wafaransa wa kulinda amani. Wanajeshi 9 wa Ufaransa na raia mmoja wa Marekani walikufa. Ndege ile imekuwa ikiuzwa kwa sababu ni imara na rahisi kuitunza. Uimara huo humfaa hata mwenye nia mbaya.

MWENYEKITI: Wengine wanasema mjadala huu umepitwa, kwamba droni imeumaliza. Mchambuzi, unakubali?

MCHAMBUZI: Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Marekani yenyewe ilijaribu kuistaafisha A-10 tangu mwaka 2014. Bunge lao likakataa mwaka baada ya mwaka, wengine wakiwatetea askari, wengine wakitetea kambi na ajira za majimbo yao, hadi mwishoni mwa 2022 lilipoanza kulegeza. Kazi kubwa ya kuwasaidia askari Afghanistan ilikuwa tayari imefanywa na ndege nyingine. Droni kama TB2 ya Uturuki inakaa angani zaidi ya saa 20. Ikitunguliwa, hakuna mjane. Kongo nayo ilipokea droni za CH-4 kutoka China mwaka 2023. Kama hoja ni muda, Afande, droni ina muda kuliko A-10 mara kumi.

MAMA: Muda wa kutazama au wa kujua? Tarehe 29 Agosti 2021, Kabul, Wamarekani walilifuata gari moja kwa droni kwa saa nyingi, tangu asubuhi. Waliliona likipakiwa, wakaamini ni mabomu. Yalikuwa madumu ya maji. Wakarusha kombora. Walikufa raia 10, 7 kati yao watoto. Mtaani pale mtoto yeyote angewaambia yule ni nani na anabeba nini.

MHANDISI: Mheshimiwa Mwenyekiti, niseme jambo ambalo sikulipanga. Nilikuja kuutetea mzinga na beseni. Hoja ya Ukraine siwezi kuipangua: penye ulinzi imara wa anga, ndege hii haiwezi tena kukaa, na isipokaa haina maana. Ninachokishikilia ni wazo lililoizaa. Waliosanifu A-10 hawakuanza na injini wala rada. Walianza na mtu aliye ardhini mwenye shida, wakajenga kuelekea juu. Ndege nyingi huanzia juu, mtu wa chini anaongezwa mwishoni. Hata A-10 yenyewe ilipoboreshwa kuwa toleo la C, lililoanza kazi mwaka 2007, maboresho makubwa yalikuwa ya kamera, ya mabomu sahihi na ya mawasiliano na watu wa ardhini. Bamba halikuongezwa.

AFANDE: Hapo tunakutana, Mhandisi. Jeshini yupo mtu anayeitwa mwongozaji wa mashambulizi ya anga. Anakaa na askari wa miguu, ana redio na ramani, na bila neno lake rubani hafyatui. Mafunzo yake ni marefu na ya gharama. Ukimwondoa huyo, A-10, Su-25, B-1 na droni zinakuwa sawa, zote vipofu. Ukimweka, hata chombo cha kawaida kinafaa. Lakini Mama amenionyesha pengo. Mwongozaji wetu anafunzwa kumjua askari mwenzake alipo. Kumjua mkulima alipo, anafunzwa na nani?

MAMA: Na awe na uwezo wa kusema "simama" na asikilizwe. Kuomba tu hakutoshi.

MCHAMBUZI: Nakubali, na naongeza neno. Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, uwanja wa ndege ukiwemo. Ndege hazikuamua vita ile. Tunapohesabu ndege za nchi kana kwamba ndizo nguvu zake, tunahesabu kinachoonekana na kuacha kinachofanya kazi.

MWENYEKITI: Nimesikia. Huu ndio uamuzi wangu.

Naikataa mada kama ilivyoandikwa. A-10 na Su-25 ni kazi za mikono zenye akili kubwa, na marubani waliorudi nyumbani kwa sababu ya bamba, kebo na injini ya pili wanastahili kuwashukuru wahandisi wao. Lakini ubunifu ule ulikuwa na sharti moja: kwamba anga la chini litavumilika, kwamba anayeruka polepole ataumia bila kufa. Walinzi wa Jamhuri walilitikisa sharti hilo mwaka 1991, na Ukraine imelivunja. Anayerusha roketi kwa upinde juu ya miti akiwa haoni anachokipiga hafanyi tena kazi ambayo ndege yake ilijengewa.

Droni nayo sijaipa ushindi, kwa sababu mifano ya leo inakataa. A-10 ilitazama kutoka karibu ikaua marafiki. B-1 ilitazama kutoka juu ikaua marafiki. AC-130 ilizunguka juu ya hospitali. Droni ya Kabul ilitazama kwa saa nyingi. Umbali ulitofautiana, muda ulitofautiana, vifaa vilitofautiana, na kosa likabaki lilelile: aliyejua ukweli alikuwa ardhini, na neno lake halikumfikia mwenye kidole kwenye kitufe, au lilimfikia likiwa limechelewa.

Kwa hiyo kinachostahili kurithiwa kutoka kwa A-10 ni mpangilio wake wa kufikiri: anza na mtu wa chini. Waliosanifu mwaka 1972 walimwona askari peke yake. Sisi tuna wajibu wa kumwongeza Mama. Nchi zetu za Afrika Mashariki na Kati zinazonunua droni na ndege za kushambulia ardhini lazima zimpe mwongozaji aliyefunzwa nafasi ya kwanza kwenye bajeti, kabla ya makombora. Mwongozaji huyo ajue lugha ya wanaoishi pale, njia wanazopita, siku ya soko na mahali zilipo shule na kambi za wakimbizi. Sheria impe mamlaka ya kusimamisha shambulio na imlinde akiyatumia. Na kila shambulio lichunguzwe na chombo kisicho chini ya walioliamuru, matokeo yatangazwe.

Maswali hayo yaulizwe na kamati za bunge za ulinzi kabla mkataba haujasainiwa, siku ambayo muuzaji bado anahitaji jibu letu. Bunge linaloidhinisha fedha za ndege au droni bila kujua nani atakuwa na uwezo wa kusema "simama" limenunua nusu tu ya silaha, na ni ile nusu inayoua.